Ganda lililokwama: mafuta mengi, au mahali pasipo mafuta?

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, sasa naishi Minnesota, Marekani. Huku nina leseni ya kuwinda kulungu, na mzee mmoja wa kazini kanifundisha kujaza upya maganda ya risasi za .308 Winchester. Jumamosi nilikuwa na maganda 50. Niliyapanga wima kwenye trei, nikayapulizia mafuta ya kopo, yale ya kulegeza nati zenye kutu, nikaanza kuyapitisha kwenye dai, kile kifumo cha chuma kinachorudisha ganda kwenye kipimo. Kumi na moja yalitoka, lakini manne yana vibonyeo begani. La kumi na mbili limekwama, nikavuta mpaka ukingo wa kitako ukakatika. Mwenzangu mmoja asema nilipaka kidogo, mwingine asema nilipaka mengi mno. Yupi mkweli? Na je, mafuta ya nazi yanafaa? Ninayo nyumbani.

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Wote wawili ni wakweli, ndiyo maana hamkuelewana. Maganda yako yalikuwa na mafuta mengi na yalikuwa makavu, yote mawili kwa wakati mmoja, ila si mahali pamoja. Ulipoyapanga wima ukapulizia kutoka juu, mafuta yalitua kwenye shingo na bega, yaani pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni. Kule chini karibu na kitako, ambako maganda yalikuwa yamebanana kwenye trei, hakukufika kitu cha maana. Mafuta ya begani yakakubonyezea ganda, na ukavu wa chini ukaling'ang'aniza kwenye dai.

Tuanze na kazi inayofanyika ndani ya dai. Ganda la bunduki ni brasi ya sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Wamechagua mchanganyiko huo kwa sababu unavutika bila kupasuka, kisha unarudi nyuma kidogo ukiachiliwa. Risasi inapolipuka, kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekewa .308 ni paundi 62,000 kwa kila inchi mraba. Ganda hutanuka likajibana na ukuta wa chemba, yaani ile nafasi ndani ya bunduki ganda linapokaa, likaziba moshi usirudi usoni mwa mpigaji. Mizinga ya Kijerumani ya zamani nayo iliziba hivyo hivyo. Ukija likizo, pita Fort Jesus utazame ule uliotoka kwenye meli ya Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915. Nao uliziba moshi wake kwa ganda la brasi.

Shinikizo likiisha, ganda hurudi kidogo, lakini halirudi lote. Limebaki pana kuliko lilivyokuwa. Dai ndiyo inayolikamua lirudi kwenye kipimo. Na hapo chini, karibu na kitako, ukuta wa ganda ni mnene kuliko kule shingoni. Nguvu kubwa ya presi, ile mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani ya dai, huishia hapo, na mafuta yalihitajika hapo kuliko penginepo.

Nakuuliza: uliwahi kuona jahazi likishuliwa? Wale mafundi hupaka magogo shahamu, mafuta mazito ya mnyama. Hawachukui mafuta mepesi, ingawa yanateleza zaidi ukiyapima kwa vidole. Sababu ni kwamba jahazi ni zito na linakwenda taratibu. Kwenye injini, shafti inazunguka kwa kasi, na kasi ile yenyewe huyavuta mafuta ndani na kuibeba shafti juu yake. Kwenye gogo hakuna kasi ya kuyavuta. Uzito unakamua chochote kilicho chepesi mpaka mbao zinakutana na mbao. Kinachobaki ni kile tu kilichong'ang'ania uso wa gogo na kikakataa kukamuliwa.

Presi yako ni jahazi juu ya gogo. Mkono wako unakwenda polepole na shinikizo ni kubwa mno. Mafuta yale ya kopo yametengenezwa ili yapenye kwenye nyufa za kutu, yaani wepesi ndiyo sifa yake. Ukiyaweka kati ya brasi na chuma cha dai, yanakamuliwa mapema, kisha brasi inagusa chuma. Brasi ni laini. Ikigusa chuma kwa nguvu namna ile, inajichubua na kuacha chembe zake juu ya dai. Ganda linalofuata linakutana na chembe hizo, linakwaruzwa, linaacha nyingine. Huenda hilo la kumi na mbili halikuwa kavu kuliko la tatu. Yale kumi na moja yalikuwa yakilitayarishia njia mbaya.

Hili nalijua kwa mikono yangu. Nilipokuwa kijana nikijifunza kukereza, karakana yetu ilipewa kazi ya kukamua vikombe vidogo vya brasi kwa ajili ya vifaa vya boti. Tulikuwa na mafuta mazuri ya mashine, safi, ghali, nasi tukayatumia. Kufikia adhuhuri kila kikombe kilitoka na michirizi kama kimekwaruzwa na paka. Fundi mkuu wetu, mzee aliyekuwa haongei sana, akaja, akapitisha ukucha ndani ya dai, akatuonyesha vumbi la manjano. Akatutuma sokoni tulete shahamu. Akaiyeyusha pamoja na sabuni ya mche, akapaka kwa kitambaa utando ambao sikuuona kwa macho. Kazi iliyobaki ilitoka kama kioo. Nilidhani ni siri ya ukoo wao. Baadaye nikajua kwamba hata viwanda vikubwa vya maganda hutumia maji ya sabuni pale brasi inapokamuliwa kutoka kisahani bapa hadi mrija. Molekuli za sabuni na za mafuta ya mnyama zina ncha moja inayokamata chuma na mkia mrefu unaoteleza. Zinasimama juu ya uso kama nyasi, na shinikizo haliziondoi kirahisi.

Sasa, vibonyeo. Mafuta hayabinyiki. Ukiyaacha begani, ganda linapoingia yanasukumwa juu mpaka yanakwama kwenye kona kati ya bega la ganda na bega la dai. Hayana pa kwenda, kwa hiyo brasi ndiyo inayokubali, inabonyea kwa ndani. Dai nyingi zina kitundu kidogo ubavuni cha kutolea hewa na mafuta. Kitazame: kikizibwa na uchafu, hata mafuta ya kiasi yataleta vibonyeo. Yale manne usiyatupe kama kibonyeo ni cha mviringo na hakina ukingo mkali. Risasi inayofuata itakinyoosha. Lakini kama kuna mkunjo ambao ukucha wako unakwama, ganda hilo limekwisha kazi, lipondeponde kwa koleo asije mtu akalijaza.

Kwa hiyo sheria ya mahali ni hii, na kwangu ni kubwa kuliko sheria ya aina ya mafuta: kiwiliwili kipakwe chote, hasa theluthi ya chini, bega lisipakwe kabisa, kile kidogo kitakachopanda chenyewe kinatosha, shingo kwa nje ipate mguso tu, na shingo kwa ndani ipate kidogo sana, kwa sababu kule ndani kuna kipande cha duara kinachotoka kikiitanua shingo tena. Shingo kavu kwa ndani hulia kama mlango wenye kutu, na kile kilio maana yake shingo inavutwa na ganda linarefuka. Urefu wa juu kabisa wa ganda la .308 ni milimita 51.18, na ukilikata hurudishwa 50.93. Mtu asiyelainisha ndani ya shingo atakuwa akikata kila mara bila kujua kwa nini. Kijiti cha pamba chenye unga wa grafiti kinatosha, na unga mkavu ni bora kuliko mafuta hapo, maana baruti itapita njia hiyo hiyo.

Hilo la baruti tulisimamie kidogo. Mafuta mepesi yanayopenya yanaweza kuiharibu fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachoiwasha baruti, na fataki iliyoharibika ama hailipuki ama inalipuka kivivu. Mafuta uliyotumia ndiyo mabaya kuliko yote kwa jambo hili, kwa kuwa yameumbwa kupenya. Kwa hiyo yale maganda 38 yaliyobaki usiyafute juu juu. Yaoshe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, nje na ndani, uyasuuze, uyakaushe kabisa kabla ya kufikiria hatua nyingine.

Kuhusu mafuta ya nazi, najua unayapenda, nasi wote tumelelewa nayo. Kuna ukweli ndani ya wazo lako: yana asidi zinazokamata chuma, na ni bora kuliko hayo ya kopo. Lakini huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Mombasa yapo chupani kama maji karibu mwaka mzima. Huko kwenye banda lako la Minnesota yatakuwa mabonge meupe, utapaka bonge hapa na mahali pengine patupu. Na ukiyapasha moto yakayeyuka, yanakuwa mepesi mno. Yaache yakae kwenye wali na nywele.

Ninachokushauri ni lanolini, nta itokayo kwenye manyoya ya kondoo. Ndiyo ile ile akina mama wanaonyonyesha hupaka chuchu zikipasuka, na maduka ya dawa huiuza. Inanata, haikamuliwi upesi, na kwa wengi haina madhara kwa ngozi. Chukua lanolini ya kimiminika sehemu moja, pombe ya isopropili ya asilimia 99 sehemu 12, tikisa mpaka vichanganyike. Usichukue ile pombe ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda, maji yaliyomo yatazuia lanolini isiyeyuke vizuri. Weka maganda kwenye mfuko wa plastiki au beseni pana, puliza mara tatu nne, yaviringishe, puliza tena. Fanya kazi hii nje, mbali na moto wowote, mvuke wake unashika moto upesi.

Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pombe ni mbebaji tu. Mpaka iruke yote, huna utando, una maji maji. Ngoja dakika kumi, na siku ya baridi ngoja zaidi, mpaka ganda ukilishika linanata kidogo vidoleni bila kulowesha. Vipulizio vya dukani vinavyokauka vinataka subira hiyo hiyo, na naamini maganda mengi yaliyokwama duniani yamekwama kwa haraka ya mtu aliyekuwa na kipulizio kizuri.

Kama maganda ni machache, ishirini thelathini, mimi ningetumia nta ya kopo badala ya kupuliza. Iko moja iitwayo Imperial, inajulikana sana huko kwenu. Unagusa kwa ncha ya kidole, unaviringisha ganda kati ya kidole na gumba kuanzia kitakoni, basi. Mguso mmoja unaweza kutosha maganda matatu au manne. Uzuri wake ni kwamba kidole chako kinakuwa kimelipitia kila ganda, kinajua palipo pakavu, na kikikuta ufa au mchanga kitakuambia.

Mchanga ni jambo kubwa. Safisha kabla ya kupaka. Ganda lililookotwa chini lina chembe za mchanga, na chembe ikizama kwenye brasi laini inakuwa patasi: itaichora dai yako mchoro ambao kila ganda litakalofuata litautoa nakala. Na ukiokota maganda ya watu wengine, hasa yaliyopigwa kwenye bunduki yenye chemba pana, tarajia kitako kilichovimba zaidi na presi nzito zaidi. Hayo yapake vizuri kuliko yako mwenyewe.

Utasikia pia watu wakisema kuna dai zisizohitaji mafuta. Zipo, zina pete ya tungsten kabaidi, na kwa maganda ya bastola yaliyonyooka zinafanya kazi bila tone. Ganda lenye bega kama lako linahitaji mafuta hata kwenye dai hizo.

Sasa tulitoe hilo lililokwama. Usilipashe moto kwa gesi, nakusihi. Brasi hutanuka kwa joto kuliko chuma, kwa hiyo utalibana zaidi, na pia utaua ugumu wa dai. Fungua kwanza ile fimbo ya katikati yenye sindano ya kutolea fataki. Ikiwezekana itoe yote. Ikizuiwa na shingo, izungushe ipande juu kadiri inavyokwenda, maana sindano ikibaki njiani utaivunja kwa keekee. Hakikisha fataki ni iliyokwishalipuka. Ifunge dai kwenye jiriwa, kitako juu, toboa katikati ya kitako kwa biti ya milimita 5, kisha kata hesi ya M6, au ile ya robo inchi ya huko kwenu. Tafuta kipande cha bomba kifupi au soketi ambayo mdomo wake ni mpana kuliko kitako cha ganda, ikae juu ya dai kama kofia, weka washa nene, pitisha boliti, kaza taratibu. Boliti inapokaza inalivuta ganda kuelekea juu. Litaachia kwa mlio, usishtuke.

Likitoka, tazama ndani ya dai kwa tochi. Ukiona mistari ya manjano, ni brasi iliyojipaka. Zungushia kijiti kitambaa cha pamba chenye polishi laini ya chuma, kizungushe polepole kwa keekee, futa, tazama tena. Mstari wa manjano huondoka. Mchoro wa chuma chenyewe hauondoki, na dai yenye mchoro mrefu ibadilishe. Dai mpya nayo huja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwanza.

Kipo kitu kingine ambacho hukuuliza, nami nisingelala vizuri nikikiacha. Mafuta haya lazima yaondoke yote kabla ganda halijaingia kwenye bunduki. Nilikuambia ganda hujibana kwenye ukuta wa chemba. Kule kujibana kunachukua sehemu ya nguvu inayolisukuma ganda nyuma. Ganda lenye mafuta linateleza, halishiki ukuta, na mzigo huo wote unakwenda kwenye komeo la bunduki, inchi chache kutoka jicho lako. Kwa hiyo ukimaliza kurudisha kipimo, osha tena, au yazungushe kwenye mashine yenye chenga za magunzi ya mahindi, au yafute moja moja kwa kitambaa chenye pombe mpaka yalie kavu mkononi. Yote hayo kabla ya fataki na baruti.

Katika kuosha, ukitaka mng'ao, chumvi ya ndimu kidogo kwenye maji inatosha. Bibi zetu wa Mji wa Kale walisugua sinia na madele ya kahawa kwa ndimu na ukwaju, na asidi hizo ndizo zilizofanya kazi. Lakini usiyaache yakalala humo. Brasi ikigeuka rangi ya waridi, asidi imeanza kuiba zinki, na ganda laweza kudhoofika. Na usitumie polishi yenye amonia, hata kama jirani anakuonyesha sinia yake inavyong'aa. Jeshi la Uingereza kule India liliteseka na maganda yaliyopasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na chanzo kikaja kuelezwa mwaka 1921: hewa ya amonia kutoka mikojo ya farasi, ikikutana na brasi ambayo bado ina mkazo ndani yake tangu ilipokamuliwa. Ganda lililotoka kwenye dai lina mkazo wa namna hiyo hiyo.

Nawa mikono kila ukimaliza, na usitumie sufuria ya chakula kwa kazi hii. Fataki nyingi zina misombo ya risasi, nazungumzia yale madini, na vumbi lake hubaki ndani ya ganda lililopigwa. Kama una watoto nyumbani, vifaa vya ganda na vya jikoni visikutane.

Kwa wasomaji wa hapa Mombasa mtakaosoma jibu hili: nimemjibu mtu aliye Marekani, ambako kazi hii hufanywa nyumbani kihalali. Kwetu, risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuzitengeneza bila kibali ni kosa. Lakini anayekamua brasi kwa kazi ya taa, boti au mapambo ya milango, sehemu ya mafuta inamhusu neno kwa neno.

Mwanangu, ukiwa umeosha yale 38, yapake, ngoja, kisha la kwanza liingize nusu tu. Litoe ulitazame kwenye mwanga. Mikwaruzo ya wima ikionekana, kuna uchafu au brasi ndani ya dai. Likiwa laini, liingize lote. Tangu hapo usikilize mkono. Presi ikizidi uzito kuliko ilivyokuwa kwa ganda lililotangulia, usimalizie mwendo kwa nguvu. Rudi nyuma wakati bado linarudi, lipake kitakoni, uanze upya. Kisha pima bega kwa kila ganda la tano. Unataka lirudi nyuma milimita 0.03 hadi 0.05, na ukiona moja limerudi nyingi na jingine halikurudi kabisa, usirekebishe dai. Rudi ukatazame ulivyopaka, maana ganda kavu na lenye mafuta hayarudi sawa chini ya mkono ule ule. Niandikie ukishapima kumi za mwanzo.